Bodi inataka niachie kiti cha kampuni niliyoianzisha. Nikubali?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, wa kimyakimya. Barua nyingi zinazokufikia ni za ndoa na mirathi. Hii yangu ni ya kampuni, ingawa nilipoirudia kuisoma niliona haina tofauti kubwa na zile za ndoa.

Mimi na rafiki yangu niliyesoma naye chuo tulianzisha kampuni changa ya programu. Mfumo wetu unazisaidia hospitali na maduka ya dawa kujua dawa gani inakaribia kuisha, gani inakaribia kupitwa na muda wake, na lini iagizwe nyingine. Toleo la kwanza niliandika mwenyewe, mstari kwa mstari, huku mwenzangu akizunguka kubisha hodi kwa wateja. Miaka miwili ya mwanzo hatukulipana mshahara. Akiba yangu yote iliingia humo, sehemu kama mtaji na sehemu kama mkopo ambao kampuni haijanirudishia hadi leo. Benki ilipokubali kutukopesha ilitaka mdhamini, nami nikatia sahihi kwa jina langu.

Baadaye wakaja wawekezaji, raundi ya kwanza kisha ya pili. Sasa tuna wafanyakazi wanaokaribia sitini. Mimi ndiye mkurugenzi mtendaji na nimebaki na asilimia 19 ya hisa, mwenzangu ana 14, asilimia 7 zimetengewa wafanyakazi, na 60 ni za wawekezaji. Kwenye raundi ya pili tulikubali kwamba hisa za sisi waanzilishi zianze kuhesabiwa upya, ziwe zetu kidogo kidogo kwa miaka minne. Wakili wa wawekezaji alisema ni jambo la kawaida. Bodi ina watu watano: sisi wawili, wawakilishi wawili wa wawekezaji, na mwenyekiti ambaye hana upande.

Kikao cha mwisho kilipokwisha, mwenyekiti aliniomba nibaki. Akafunga mlango. Alinisifu kwa muda mrefu mpaka nikajua kuna jambo. Kisha akasema bodi inaona wakati umefika wa kumleta mkurugenzi aliyewahi kuikuza kampuni kubwa, na mimi niwe "mkuu wa bidhaa". Sababu alizotoa: makadirio ya mapato hatukuyafikia mara mbili mfululizo, wakuu wawili wa mauzo wameondoka, na eti hakuna uamuzi unaopita bila mimi kuugusa. Nikamuuliza kama mwenzangu analijua hili. Akaangalia chini. Analijua.

Tangu siku hiyo usingizi umekuwa wa kuazima. Nikiingia ofisini nikamkuta mtu mwingine kwenye kile kiti, mimi ni nani? Wafanyakazi watanitazamaje? Na wazazi wangu, ambao kila anayewatembelea huambiwa mtoto wao ni mkurugenzi? Nilipomweleza mke wangu alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa utakuwa unarudi kabla watoto hawajalala?" Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania au ananisuta.

Nikwambie na lililobaki. Seva zetu na jina letu la tovuti bado vimesajiliwa kwa akaunti yangu binafsi, ni mabaki ya siku za mwanzo. Wahandisi watatu walio bora kabisa wako upande wangu, na mmoja ameshaniambia, "Ukiondoka, tunaondoka." Usiku napiga hesabu za kuanzisha kampuni nyingine inayofanya kazi hiihii. Mwaka huu wote nimeifurahia kazi mara moja tu: mfumo ulikwama, nikakesha na mhandisi mmoja kijana mpaka tukaona kosa lilipojificha. Asubuhi yake nilikuwa na kikao cha bajeti, nikatamani kukikimbia.

Nikatae? Nikubali? Niondoke zangu? Bodi inakutana tena baada ya wiki mbili.

Mwanzilishi anayeng'olewa

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile uliloliweka karibu na mwisho, maana ndilo linaloweza kukuharibia mengine yote. Usiguse seva. Usibadili nywila, usinakili msimbo, usiwaandikie wale wahandisi watatu neno lolote la kuondoka, hata kwa utani, hata usiku wa manane. Kesho mwite anayesimamia mitambo, mhamishe seva na jina la tovuti viingie kwenye akaunti ya kampuni, kisha umjulishe mwenyekiti kwa maandishi kwamba limefanyika. Utahisi unatupa silaha yako pekee. Lakini msimbo uliouandika ni mali ya kampuni. Karibu hakika ulisaini hivyo wawekezaji walipoingia. Mkurugenzi anayeshikilia mali ya kampuni ili kuitishia bodi anaipa bodi hiyohiyo sababu halali ya kumfukuza. Leo wanakusifu na kukupa cheo kingine. Ukifunga seva watazungumza nawe kupitia mawakili, na hisa zako zitahesabiwa kama za mtu aliyeondoka kwa utovu wa nidhamu.

Najua watakuletea kisa cha Steve Jobs. Kila mwanzilishi anayebanwa huletewa kisa hicho kama dawa: aliondoka Apple 1985, akaanzisha NeXT, akarudi shujaa. Wasimulizi huruka katikati. Jobs alipoondoka na baadhi ya wafanyakazi wa Apple, kampuni aliyoshiriki kuianzisha ilimshtaki mwezi uleule, na shauri likaisha kwa maelewano mwanzoni mwa 1986. Kompyuta za NeXT hazikuuzika kama alivyotarajia. Mwaka 1993 iliacha kutengeneza mashine ikabaki na programu tu. Apple ilikubali kuinunua mwishoni mwa 1996. Hiyo ni miaka kumi na moja, na mwenzio alikuwa na fedha za kuisubiria. Wewe una dhamana ya benki.

Sasa swali lako. Jibu langu ni kwamba kiti ukiachie, lakini usikiachie leo, wala usikiachie bure.

Barua yako imevifunga pamoja vitu ambavyo kila kimoja kina njia yake: kuwa mwanzilishi, kuwa mkurugenzi, kuwa mwenye hisa, na kufanya kazi unayoipenda. Uanzilishi umekwisha kutokea. Hakuna kikao kinachoweza kupiga kura ikawa hukuianzisha kampuni hiyo. Ukurugenzi mtendaji ni ajira, hata kwenye kampuni yako mwenyewe: bodi huajiri na bodi huachisha, na uliliridhia hilo siku ulipouza hisa na kutoa viti. Unachokililia kama mtoto uliyemzaa ni nafasi ya kazi, na nafasi ya kazi hubadilika kuliko sisi tunavyobadilika. Mlipokuwa wawili, mkurugenzi alitakiwa ajue kama hesabu ya dawa kwenye skrini inalingana na ya kwenye rafu. Mkiwa sitini, anatakiwa aajiri watu watakaoajiri watu, akadirie mapato ya robo mwaka na makadirio yatimie, na amwache mkuu wa mauzo afanye mauzo. Hizo ni kazi mbili zenye jina moja.

Wala hili halijakukuta peke yako. Mtafiti Noam Wasserman, alipokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza kampuni changa 212 za Marekani zilizoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kampuni zilipofikisha miaka mitatu, nusu ya waanzilishi hawakuwa tena wakurugenzi watendaji. Mwaka wa nne walibaki asilimia 40, na walioziongoza hadi zikauza hisa kwa umma hawakufika robo. Wanne kati ya watano walioachia kiti walisukumwa. Kilichonikaa mimi zaidi ni wakati wanaposukumwa: mara nyingi ni pale kampuni inapopiga hatua, bidhaa imekamilika au mtaji mkubwa umeingia. Kwa hiyo ukilichukua pendekezo la mwenyekiti kama hati ya kushindwa, umeongeza chumvi.

Hata hivyo kuachia kiti bila kusoma karatasi ni ujinga mwingine, na hapo ndipo ninapotaka uipeleke hasira yako. Tafuta wakili wako. Asiwe wa kampuni, asiwe wa wawekezaji. Awe wako, unayemlipa mwenyewe, anayejua mikataba ya wanahisa. Uliambiwa kuhesabu hisa upya ni jambo la kawaida. Ni kweli, ni jambo la kawaida. Ila aliyekwambia hakuwa akikutetea wewe.

Mpe kwanza hati ya dhamana ya benki. Nimestaajabu uliipitia kwa sentensi moja, kisha ukamaliza aya nzima ukihofia wazazi watawaambia nini wageni. Ulipokuwa mkurugenzi ulidhamini maamuzi yako. Akiingia mwingine, utadhamini maamuzi yake: yeye atasaini, na kampuni ikishindwa kulipa, benki itakuja kwako. Sharti lako la kwanza kabisa liwe kufunguliwa kutoka kwenye dhamana hiyo kabla mkurugenzi mpya hajaanza kazi. Na usiridhike na ahadi ya bodi, kwa sababu bodi haina uwezo wa kukufungua. Anayekufungua ni benki, kwa maandishi. Benki ikikataa, kampuni ilipe mkopo huo, au ikupe hati ya kukufidia kila utakachodaiwa. Hati hiyo nayo ina thamani iwapo tu kampuni itakuwa na fedha siku hiyo, kwa hiyo iwe njia ya mwisho.

Akiba uliyoikopesha kampuni nayo ni deni kama madeni mengine. Kama ilitoka mfukoni mwako bila karatasi, itengenezewe sasa: kiasi, riba kama ipo, na tarehe za kurudishwa. Kampuni ikianguka, wanaoidai huwatangulia wenye hisa, isipokuwa kama kwenye zile raundi mbili ulisaini kwamba deni lako lisogezwe nyuma ya wengine. Mwambie wakili akitafute kifungu hicho. Huwa kinajificha mwishoni, pamoja na mambo ambayo saa hizo kila mtu anayasaini ili aende kulala.

Halafu hisa. Asilimia 19 uliyoiandika ni jumla, lakini kwa kuwa mlikubali zihesabiwe upya, kuna sehemu ambayo ni yako kamili leo na sehemu ambayo utaipata ukiendelea kuwapo. Soma neno kwa neno kinachotokea cheo kikibadilika. Mkataba mzuri husema hesabu inaendelea maadamu uko kazini, kwa cheo chochote. Mbaya huitaja nafasi ya mkurugenzi mtendaji, na hapo ukihama dawati saa inasimama. Kisha angalia kinachotokea wakikuachisha bila kosa. Hapa una hoja yenye nguvu, kwa sababu wao ndio wanaokuomba uhame: dai kwamba wakikuachisha bila kosa baada ya mabadiliko haya, hisa zilizobaki ziwe zako zote mara moja, au walau sehemu kubwa yake. Kwa sasa wanahitaji makabidhiano ya amani, na watakuwa wasikivu kuliko watakavyokuwa baada ya kumpata mtu wao.

Asilimia yenyewe pia haimaanishi unachodhani inamaanisha. Tuseme wawekezaji waliweka jumla ya milioni 10, na kampuni ikauzwa kwa milioni 14. Unapiga hesabu ya asilimia 19 ya 14, unapata milioni 2.66. Hutazipata. Wenye hisa za upendeleo, yaani wawekezaji, ambao hisa zao hulipwa kabla ya za kawaida kama zenu, kwa kawaida huchagua: warudishiwe walichoweka, au wagawane na wengine kwa asilimia. Asilimia 60 ya 14 ni milioni 8.4, pungufu ya 10, basi watachagua 10. Zinabaki 4 kwa nyinyi wenye hisa za kawaida, na fungu lako ni 19 kati ya 40, yaani milioni 1.9. Hiyo ni sura ya upole. Kama mlisaini kwamba wachukue 10 zao kwanza, halafu wagawane nanyi hata kilichobaki, unaambulia asilimia 19 ya 4: laki saba na elfu sitini. Kampuni ni ileile na bei ni ileile. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa mkataba.

Kuna kampuni ya Marekani ya programu za kutafsiri, Trados, iliyouzwa mwaka 2005 kwa dola milioni 60. Wenye hisa za upendeleo walipata milioni 52.2. Viongozi walipata milioni 7.8 kupitia mpango maalumu wa kuwatuza kwa kuiuza. Wenye hisa za kawaida hawakupata hata senti. Mmoja wao alikwenda mahakamani kwenye jimbo la Delaware, na mwaka 2013 jaji aliikosoa bodi kwa namna ilivyoliendesha jambo lile, lakini akaamua kwamba bei ilikuwa ya haki, kwa kuwa hisa zile za kawaida hazikuwa na thamani yoyote. Tazama nani waliopata: wenye upendeleo, na waliokuwa kwenye uongozi siku ya kuuza. Kwa hiyo andikisha mapema kwamba ukiwapo mpango wa namna hiyo, mkuu wa bidhaa yumo.

Nina wasiwasi na kitu kingine ambacho hukukitaja: kiti chako kwenye bodi ni cha nani? Mikataba mingi hutenga kiti kimoja kwa "mkurugenzi mtendaji", yeyote atakayekuwa. Kama chako kimeandikwa hivyo, mgeni anapoingia anakaa juu yake, na nyinyi waanzilishi mnabaki na kiti kimoja kati ya vitano, cha mwenzako. Omba kibadilishwe kiwe cha mwanzilishi, maadamu una kiwango fulani cha hisa. Larry Page na Sergey Brin walimleta Eric Schmidt aiongoze Google mwaka 2001, na watu huutaja huo kama mfano wa unyenyekevu. Labda. Lakini kampuni ilipouza hisa kwa umma mwaka 2004, hisa za aina waliyokuwa nayo wao zilikuwa na kura kumi kila moja, na hisa waliyouziwa wananchi ilikuwa na kura moja. Kiti walikitoa, kura wakabaki nazo, na Page alirudi kwenye kiti mwaka 2011. Wewe huna nguvu hizo, na wawekezaji wako hawatakupa kura kumi. Kiti cha mwanzilishi wanaweza kukupa. Wakikupa nafasi ya mwangalizi, anayesikiliza bila kupiga kura, jua wamekupa kikombe cha kahawa na kiyoyozi.

Dai pia kuwamo kwenye kamati ya kumtafuta mrithi wako, na ubaki kwenye kiti mpaka apatikane. Mkurugenzi wa muda ni balaa: hawezi kuamua kitu, na wateja wakubwa hunusa.

Baada ya karatasi ndiyo tuzungumze kuhusu kazi yenyewe, na hapa barua yako imekusema. Mwaka mzima umefurahi mara moja, ukiwa na mhandisi mmoja na kosa moja. Kikao cha bajeti ulitamani kukikimbia. Mwenyekiti amekupa orodha ya sababu, wewe hukukanusha hata moja, umezitaja tu na kuendelea na maumivu. Nadhani unajua. Nadhani pia kwamba kama hayo mabadiliko ungeyapendekeza wewe mwenyewe mwaka jana, leo ungekuwa unayasimulia kwa fahari, na wazazi nao wangefuata.

Tatizo la "mkuu wa bidhaa" ni kwamba ni jina, na jina linaweza kuwa tupu. Wahandisi watawajibika kwako au kwa mkurugenzi mpya? Nani anaamua kitu gani kinajengwa robo mwaka ijayo, na nani anaamua mteja mkubwa akitaka kitu ambacho mfumo haufanyi? Bajeti yako ni kiasi gani na unaajiri bila kuomba ruhusa mpaka ngazi ipi? Yaandikwe. Kisha kuna sehemu ambayo haiandikiki. Wafanyakazi wako wamezoea kuja mezani kwako. Wataendelea kuja, hasa mgeni akikataa jambo: "Bosi, wewe unasemaje?" Ukijibu mara tatu tu, kampuni ina wakurugenzi wawili, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hiyo chukua likizo mwezi wa kwanza wa huyo mgeni, likizo ya kweli, simu ibaki kwa mtu mwingine. Ukirudi, kila anayekuletea jambo lisilo lako mpeleke mlangoni kwake. Litakuuma kuliko kikao cha bodi. Kama unajiona kabisa huwezi, basi usikubali cheo hicho. Jadili kuondoka kwa heshima, ukiwa na kiinua mgongo, hisa zako, na kifungu cha kutoshindana, kile cha kukukataza kufanya biashara kama yao, kisichokufunga mikono maisha yako yote. Hiyo nayo ni njia halali, na wala si ya aibu. Nimeona waanzilishi waliobaki kwa kununa wakaiharibu kampuni na hisa zao wenyewe humohumo.

Kuhusu mwenzako, sijui, na wewe hujui bado. Huenda amekusaliti. Huenda pia mwenyekiti alimwomba anyamaze mpaka azungumze nawe kwanza, na akiwa mjumbe wa bodi ana wajibu kwa kampuni kabla ya urafiki. Huenda alijaribu kukwambia siku nyingi na wewe ulikuwa kwenye simu. Mwite nje ya ofisi, muulize mara moja: "Ulijua tangu lini, na wewe unafikirije?" Halafu unyamaze. Usimuulize kwa ujumbe wa simu, na usimuulize mbele ya mtu. Akisema anakubaliana na bodi, mwache amalize sababu zake. Asilimia zenu mkiziunganisha ni 33. Tafuteni kwenye katiba ya kampuni na mkataba wa wanahisa ni maamuzi gani hayawezi kupita bila nyinyi. Kwa mengine 33 haizuii kitu, lakini kuna mambo, kama kubadili haki za hisa zenu, ambayo huenda yanahitaji ridhaa ya wenye hisa za kawaida. Mkigombana sasa mnaipoteza ridhaa hiyo, na mtakayekuwa mmempa ushindi ni mtu wa tatu.

Mkeo hakuwa anakutania, wala sidhani alikuwa anakusuta. Alikuuliza swali na amebaki bila jibu. Mjibu.

Umebakiwa na wiki mbili, na kikao hicho usikiingie kikiwa kura ya ndiyo au hapana. Ukishampata wakili, mwandikie mwenyekiti, kwa ufupi, bila lawama na bila shukrani za kupita kiasi. Unaweza kuyatumia maneno haya kama yalivyo:

"Nimelitafakari pendekezo la bodi na niko tayari kulijadili kwa nia njema. Nimepata wakili wangu, naye atawasiliana na wakili wa kampuni. Kabla ya uamuzi wowote naomba tukubaliane kwa maandishi kuhusu haya: kufunguliwa kwangu kutoka kwenye dhamana ya benki, ratiba ya kurudishiwa mkopo wangu, hesabu ya hisa zangu katika nafasi mpya na endapo nitaachishwa bila kosa, kiti changu kwenye bodi, mamlaka ya mkuu wa bidhaa, na nafasi yangu kwenye kamati ya kumtafuta mkurugenzi mpya. Napendekeza kikao kijacho kipokee taarifa ya mazungumzo hayo, na uamuzi ufanyike yatakapokamilika. Seva na jina la tovuti vimehamishiwa kwenye akaunti ya kampuni. Hati za uhamisho nimeambatanisha."

Sentensi ya mwisho usiitume kabla haijawa kweli.